Tovuti imebaki nyeupe baada ya kugusa msimbo

Pole sana, dada. Umesema ulibandika mistari michache kwenye functions.php (faili la msimbo la mandhari ya tovuti) ili bei za sato na sangara zikae juu ya ukurasa, na sasa tovuti yako ya WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) ni nyeupe tupu. Tulia kwanza. Picha zako za soko la samaki la Mwaloni zipo, maandishi yapo kwenye hifadhidata. Lililoharibika ni faili moja tu la mandhari (theme, yaani mwonekano wa tovuti).

Angalia baruapepe yako. Tangu toleo la 5.2, la mwaka 2019, WordPress ikikwama hivyo hujaribu kumtumia msimamizi kiungo cha kuingilia. Usipokiona, ingia kwenye akaunti ya seva (kwa kampuni inayohifadhi tovuti yako), fungua sehemu ya mafaili, nenda wp-content, kisha themes, kisha folda ya mandhari yako. Fungua functions.php, futa ulichoongeza, hifadhi. Nilishakesha hapa Nyegezi usiku mzima, umeme ukikatika na kurudi, kumbe ilikosekana nukta-mkato (;) moja mwisho wa mstari. Kwa PHP, lugha ya msimbo inayotumiwa na WordPress, hiyo inatosha kuzima tovuti nzima.

Ikishafunguka, tafadhali usirudie kuhariri mandhari yenyewe, maana siku ukiisasisha mabadiliko yako yote yanafutika. Tengeneza mandhari-mtoto: folda yake pembeni, ndani yake style.css yenye mstari wa Template unaotaja jina la folda ya mandhari mama, na functions.php yako mwenyewe. Na kabla ya kugusa chochote, pakua nakala ya faili unalotaka kuhariri kwenye kompyuta yako.