Kizingiti si ukuta: kwa wanaoanza kupima hisi na utambuzi

Wengi huingia kwenye somo hili wakidhani kizingiti cha hisi ni ukuta: chini yake mtu hasikii kitu, juu yake anasikia. Dhana hiyo itupe mapema. Mpigie mtu mlio hafifu uleule mara 50 bila kubadili chochote. Mara nyingine ataitika, mara nyingine atanyamaza. Kizingiti ni namba tunayoichagua wenyewe, kwa kawaida kiwango kinachotambulika nusu ya mara zote. Mpaka kati ya hisi (kupokea kichocheo) na utambuzi (kukipa maana) utaulizwa sana kwenye mitihani, lakini maabara ndiyo itakayokuonyesha jinsi ulivyo mgumu kuuchora.

Anza na mizani na vikopo. Ni kazi ya zamani, tangu enzi za mwanafiziolojia Ernst Weber kule Leipzig, Ujerumani, na bado hakuna inayofundisha vizuri zaidi. Kikopo cha rejea kiwe gramu 100, na vya kulinganisha viwe 92, 94, 96, 98, 102, 104, 106 na 108. Kila kimoja kilinganishwe na rejea mara 20, kwa mpangilio wa kubahatisha, na jibu liwe moja kati ya mawili: "kizito zaidi" au "chepesi zaidi". Usiruhusu "sawa", maana kuna watu watakaojificha humo siku nzima. Jumla ni ulinganisho 160, kwa hiyo weka pumziko kila baada ya 40, kwani mkono uliochoka huona kila kitu kizito.

Vikopo ndivyo vinavyoharibu matokeo ya wengi. Lazima vifanane kwa umbo, ukubwa na rangi. Vitu viwili vyenye uzito mmoja vikitofautiana ukubwa, kidogo huonekana kizito zaidi, na kumwambia mtu ukweli hakumsaidii: ataendelea kuhisi vilevile. Jaza mchanga katikati, kisha shindilia pamba pande zote ili usicheze, la sivyo mshiriki atapima kwa sikio badala ya mkono. Tena, kinachonyanyuliwa cha pili mara nyingi huhukumiwa kuwa kizito kuliko cha kwanza, hata vikiwa sawa. Dawa yake ni rejea itangulie katika nusu ya mara na ifuate katika nusu nyingine.

Chora grafu ya asilimia ya majibu ya "kizito zaidi" kwa kila uzito. Tuseme mchirizo unakata asilimia 25 kwenye gramu 97 na asilimia 75 kwenye gramu 103. Nusu ya umbali huo, gramu 3, ndiyo tofauti ndogo inayotambulika. Gawanya kwa uzito wa rejea, 100, upate 0.03. Sasa rudia kwa rejea ya gramu 200, ukipanua hatua za vikopo maradufu. Anayeanza hutarajia gramu 3 zilezile; zitakuja karibu 6. Uwiano ndio unaobaki, wala si gramu, ingawa kwenye uzito mdogo sana hata uwiano huo huvunjika.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye majaribio ya "ndiyo" na "hapana", ambako mshiriki husema kama amesikia mlio au la. Tazama washiriki wawili, kila mmoja amepewa mara 100 zenye mlio na mara 100 za kimya. Wa kwanza amesema "ndiyo" mara 84 kwenye mlio na mara 16 kwenye kimya. Wa pili amesema "ndiyo" mara 50 kwenye mlio na mara 2 tu kwenye kimya. Ukiangalia mlio peke yake utaandika kwamba wa kwanza ana masikio makali. Sasa geuza kila uwiano wa "ndiyo" kuwa alama z (umbali wake kutoka katikati ya mchirizo wa kengele, kwa kipimo cha mkengeuko sanifu), utoe ya kimya kwenye ya mlio. Wa kwanza anapata 0.99 + 0.99, yaani 1.98, wa pili 0 + 2.05. Masikio yao karibu ni yaleyale! Tofauti ni kwamba mmoja ni mwepesi wa kusema "ndiyo" na mwingine hasemi mpaka ajiridhishe. Bila zile mara za kimya usingeligundua hilo kamwe, na bado kuna watu huzikata ili kuokoa muda.

Uwiano ukiwa 0 au 1, alama z haina kikomo na hesabu inakwama. Ongeza 0.5 kwenye idadi ya "ndiyo" na 1 kwenye idadi ya mara zote, kwa washiriki wote, si kwa yule aliyekusumbua tu.

Kwa upande wa macho, usiandike ukubwa wa picha kwa sentimita peke yake. Jicho hupokea pembe, na pembe hubadilika mtu akisogea. Mweke sentimita 57 kutoka kwenye skrini; hapo sentimita 1 ni takriban digrii 1, na hesabu zako zote zinakuwa nyepesi. Kuhakiki umbali, chora msalaba na nukta ya sentimita 1 iliyo sentimita 15 kulia kwake. Mshiriki afumbe jicho la kushoto na kuukazia msalaba jicho la kulia. Nukta itoweke, kwa kuwa imeangukia doa pofu, pale mshipa wa neva unapotokea retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Isipotoweka, ama amesogea ama macho yanahama, na vyote viwili virekebishwe kabla hujaanza kurekodi.

Na kama unapima mwanga hafifu, zima taa dakika 30 kabla. Dakika 10 hazitoshi: kufikia hapo koni, seli za mwanga mkali, zimeshazoea giza, lakini seli fito, za mwanga hafifu, ambazo ndizo unazozitaka, unyeti wake bado unapanda. Anayechungulia simu katikati ya ngoja hiyo anaanza upya.