Kitenge cha waziri si intro

Juzi nimeletewa stori mbili na vijana wapya wa dawati la kimataifa. Zote zilihusu waziri mwanamke aliye ziarani, na zote intro, yaani aya ya kwanza ya stori, ilianza na kitenge. Nimelisema kikaoni, nimelisema kwenye chai. Leo naliandika, wanangu, mlibandike ukutani.

1. Jiulize kama aya hiyo ungemwandikia Bernard Membe. Mwaka 2007 aliipokea Wizara ya Mambo ya Nje ya Tanzania kutoka kwa Dk. Asha-Rose Migiro: ofisi ileile, mafaili yaleyale.

2. Soma taarifa ya pamoja kabla ya kuomba mahojiano. Hili nalijua kwa uchungu. Nikiwa na mwaka mmoja kazini nilitumwa Arusha, kikao cha mawaziri wa Afrika Mashariki. Malori yalikuwa yamekwama mpakani, na waziri mmoja mwanamke ndiye aliyeongoza ujumbe wa nchi yake. Akanipa dakika nane kwenye korido. Swali langu la kwanza: familia inazipokeaje safari zake? La pili: na mzee nyumbani, anasemaje? Akajibu kwa upole, kisha akaniuliza, "Na malori, binti, huna swali?" Sikuwa nalo. Taarifa ilikuwa imekunjwa ndani ya mkoba, sijaifungua. Kesho yake gazeti likatoka na kichwa kwamba waziri hajasahau jiko lake, na jina langu hapo chini. Jioni afisa habari wake akanipigia. Nilitegemea matusi. Akanisimulia tu kwamba asubuhi ile, waziri alipowasha kipaza sauti azungumzie ushuru, mjumbe mmoja wa upande wa pili aliuliza kama mheshimiwa ameshaepua mboga, meza nzima ikacheka. Ikabidi asubiri wamalize ndipo aanze. Kicheko kile nilikipeleka mimi, mwanamke mwenzake. Gazeti hilo ninalo kwenye droo hadi leo, na sijawahi kupata nafasi ya kumwomba radhi ana kwa ana.

3. Rekodi isikilizwe mara mbili, hasa palipo na mkalimani. Agosti 2009, Kinshasa, mwanafunzi mmoja alitafsiriwa akimuuliza Hillary Clinton, wakati huo waziri wa mambo ya nje wa Marekani, maoni ya Bwana Clinton kuhusu mikopo ya China. Akajibu kwa ukali kwamba waziri ni yeye, si mumewe. Baadaye ikaripotiwa kuwa kijana alimkusudia Rais Obama. Siku iliyofuata mama yule alikuwa Goma, akikutana na wanawake waliobakwa vitani. Magazeti mengi yakabaki na hasira zake. Goma ndiyo ilikuwa stori, jamani!

4. Angalieni viti. Ankara, Aprili 6, 2021: Rais Erdoğan wa Uturuki na Charles Michel, wakati huo rais wa Baraza la viongozi wa Umoja wa Ulaya, wamekaa kwenye viti viwili vilivyokuwapo, Ursula von der Leyen, rais wa Kamisheni ya Ulaya, amesimama hana pa kukaa, hatimaye akaenda kwenye sofa pembeni. Mpiga picha akikuletea kitu kama hicho, usikikate kibaki na wawili.

5. "Mwanamke wa kwanza" iandike mara moja, tena baada ya kuhakiki.

Na wewe uliyeleta ya jana, mwanangu, una jicho zuri na Kiswahili chako kimenyooka. Lakini makubaliano ya bandari umeyaweka aya ya saba. Yapandishe juu, unirudishie kabla ya saa kumi.