Geimu ya utotoni imerudi, mbona nzito?

SWALI: Mkuu habari. Nimenunua geimu ya ngumi niliyocheza sana kwenye PlayStation ya kwanza, imetolewa upya kwa mashine mpya. Sasa nikibonyeza, mtu wangu anarusha ngumi kivivu kama ametoka kulala, halafu picha ina kingo kama meno ya msumeno. Mdogo wangu anasema nimezeeka tu. Ni kweli?

JIBU: Dogo atulie kwanza. Zamani geimu za Ulaya zilitengenezwa kwa tivi za fremu (yaani picha moja moja) 50 kwa sekunde, za Marekani na Japani 60, na watengenezaji wengi hawakujisumbua kurekebisha kwahiyo geimu ileile kwa Ulaya ilitembea pole kwa karibu asilimia 17. Sasa wakitoa upya mtu anachukua toleo la Ulaya, labda sababu lina lugha nyingi, anakubandikia. Ile PlayStation Classic, kimashine cha geimu za zamani cha Desemba 2018, ilikuja na geimu 20 na 9 kati yake zilikuwa hizo za 50, Tekken 3 ikiwemo, yani geimu ya kupigana! 2022 Sony walipoleta za zamani kwenye PlayStation 5 ikajirudia, watu wakapiga kelele mpaka wakatangaza wataongeza chaguo la 60.

Kujua kama yako ndo hiyo, tafuta sehemu mandhari inasogea pembeni taratibu uitazame vizuri. Fremu 50 kwenye skrini ya 60 maana yake kila fremu ya tano inaonyeshwa mara mbili, utaona picha kama inajikwaa, inajikwaa tena, kwa mpigo uleule. Ikijikwaa hivyo ingia kwenye setingi utafute toleo la Marekani. Ikienda laini ila ngumi bado inachelewa basi mshuku tivi yako, hizi za kisasa zinaipaka picha vipodozi kabla ya kukuonyesha, washa ile modi ya geimu uone. Fremu moja ni kama milisekunde 17 tu lakini zikikusanyika nne tano kidole kinajua.

Kuhusu meno ya msumeno, hapo kumbukumbu yako haidanganyi. Tivi za chogo zilikuwa zinalainisha kila kitu na wachoraji walilijua hilo wakalitumia. Maporomoko ya maji kwenye Sonic ya 1991 yamechorwa kwa mistari ya wima, mmoja upo mmoja haupo, kwa waya wa zamani mistari inachanganyika unaona maji yanayopitisha mwanga, kwenye tivi ya leo unaona pazia la nondo. Halafu kuna hesabu, geimu nyingi za enzi zile zina mistari 240 kwenda chini, ukiikuza ijaze 1080 ni mara 4 na nusu, sasa pikseli, yani kile kidoti cha picha, haikatwi nusu, moja inanenepa jirani yake inakonda. Kwa 4K inaingia mara 9 kamili, raha. Kama kuna kichujio cha mistari ya tivi ya zamani kijaribu, vingine vibaya lakini hakuna hasara.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua mkusanyiko wa geimu za ndege, mlipuko unatokea, nahesabu moja, ndo sauti inakuja. Nikawaandikia wenyewe, wakanijibu nizime niwashe.

SWALI: Kwani si wachukue tu ile ya zamani waisafishe? Nauliza pia kuhusu ile GTA ya tatu kwa moja, imeshakuwa sawa?

JIBU: Wangekuwa nayo! Waliotengeneza Silent Hill HD ya 2012 walipewa msimbo (maandishi ya programu ya geimu) ambao haukuwa wa mwisho, ule wenyewe Konami, wenye geimu, hawakuwa nao, wakajikuta wanarekebisha makosa yaliyokuwa yamesharekebishwa zamani. Ndo mana emyuleta nzuri, programu inayoiga mashine ya zamani na kuchezesha geimu kama ilivyo, mara nyingi inaishinda rimasta, yani geimu iliyofanyiwa ukarabati.

GTA ilitoka Novemba 2021 ikiwa vituko, mvua kama tambi nyeupe usoni, mabango yameandikwa makosa, Rockstar wenye geimu wakaomba radhi. Mvua walirekebisha mapema. Novemba 2024 ikaja apdeti kubwa yenye chaguo la mwanga wa kizamani, ukiliwasha San Andreas, moja ya hizo tatu, inarudisha ule ukungu wake wa rangi ya chungwa. Miaka mitatu lakini.