Kabla hujakoroga faiba

Sanduku langu la kwanza la barafu lilijila lenyewe kutoka ndani. Nilichukua lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, nikalipanga vizuri kwenye kuta za mbao, nikatandika mati ya faiba, yaani mkeka wa nyuzi za kioo, juu yake na kuanza kupaka rezini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Haukupita muda nikasikia mlio mdogo kama mafuta yanaanza kuchemka. Nikabonyeza kwa kidole, kikazama. Mwenye sanduku, mchuuzi wa samaki pale Feri, Mtwara, akachungulia na kuuliza, "Fundi, hili ni sanduku au uji?"

Rezini ya polyesta, ambayo ndiyo wengi wetu tunatumia kwa kuwa ina nafuu ya bei, imechanganywa na kemikali ya majimaji iitwayo stairini. Stairini inaliyeyusha povu jeupe kama maji yanavyoyeyusha chumvi. Tumia lile povu la manjano lililo ndani ya kuta za friji. Friji lililokufa ukilipata kwa wauza chuma chakavu, umepata mali. Ukilazimika kutumia povu jeupe, basi nunua epoksi, rezini ya aina nyingine isiyo na stairini, na ukubali bei yake.

Siku hizi ukisema faiba, vijana wanadhani unazungumzia intaneti. Ni ndugu, maana zote asili yake ni nyuzi za kioo, ila hii yetu ni nyuzi zilizotandazwa kama mkeka kisha zikashikwa na rezini mpaka zikawa ganda moja gumu. Na kwa sisi wa pwani sifa yake kubwa haihitaji maelezo mengi. Aliyeezeka nyumba Shangani au Mikindani anajua chumvi inavyolila bati. Faiba haishiki kutu, mchwa hawana habari nayo, na wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hawapati pa kuanzia.

Ndiyo maana kazi yangu kubwa ni vyombo vya baharini. Hapa napo nina aibu ya kusimulia. Mzee mmoja wa Msanga Mkuu aliniletea dau linalovuja, akitaka niliwahishe kabla ya maji bamvua. Mbao zilikuwa bado na unyevu, lakini juu zilionekana kavu, nami nikajidanganya. Nikapiga msasa, nikabandika matabaka mawili, likang'aa. Baada ya wiki tatu kiraka kikabanduka kizima, unakishika mkononi kama gamba la kasa. Nilirudisha hela.

Tangu siku hiyo nafanya hivi: jioni nabandika kipande cha nailoni juu ya mbao, naziba kingo zote kwa utepe. Asubuhi nikikuta matone kwa ndani, chombo kinabaki juu ya magogo, mwenyewe anune asinune. Mbao yenye mafuta au rangi ya zamani naikwangua mpaka nione mbao yenyewe. Kazi kubwa naipanga wakati wa kusi, mvua zikiwa zimekatika. Masika nafanya viraka vidogo tu, tena chini ya paa.

Kwenye vipimo, usikoroge kwa macho. Kilo moja ya rezini inataka hadina, ile dawa ya kuigandisha, kama mililita 10 hadi 20, na kwa joto letu la mchana mimi nakaa karibu na 10. Ukizidisha, inagandia kwenye kopo, inafuka moshi, na inaweza kuwaka. Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba inanywa rezini mara mbili ya uzito wake, au zaidi kidogo. Ukiona weupe umebaki, hapo rezini haijaingia, ibonyeze kwa brashi mpaka hewa itoke. Na kama umeuziwa kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, kando, usiichanganye moja kwa moja na hadina hata tone, inalipuka. Kobalti inatangulia kwenye rezini, inakorogwa vizuri, ndipo hadina ifuate.

Vumbi lake linawasha usiku kucha. Vaa mikono mirefu, barakoa na miwani, ukimaliza oga maji ya baridi bila kujisugua. Hadina ikiruka jichoni, suuza kwa maji safi robo saa nzima, kisha hospitali.

Nyumbani itakufaa kwenye mabati yanayopitisha mwanga stoo, na kwenye mifereji ya mvua. Mafundi umeme wanapenda ngazi zake kwa kuwa zikiwa kavu na safi hazipitishi umeme. Viwandani inatengenezewa matangi na mabomba ya kemikali zinazotoboa chuma, na gereji hazikosi bampa la kuziba. Tangi la maji ya kunywa nawaachia wenye rezini maalumu, kwa sababu ya kawaida isipokauka sawasawa maji yananuka. Karibu na jiko la mkaa usiiweke kabisa.

Jua nalo linaichosha. Uso unapauka, kisha nyuzi zinaanza kuchomoza, kwa hiyo paka rangi. Mchuuzi wangu wa Feri nilimtengenezea sanduku la pili kwa povu la friji, na barafu ya alfajiri anaikuta mpaka jioni. Rangi alikataa kulipia. Mgongo wa sanduku sasa umekuwa mweupe kama chokaa, na kila akilibeba begani anajikuna shingo huku ananitazama mimi.