Gmail bila kushika kipanya
Dada wa Masasi uliyeuliza namna ya kumaliza haraka barua pepe za maghala msimu huu wa korosho: kwenye Gmail ya kompyuta njia za mkato, yaani herufi za kibodi unazobonyeza badala ya kutumia kipanya, huja zimezimwa. Ingia mipangilio yote, ukurasa wa Jumla, ziwashe, halafu shuka mpaka chini kabisa uhifadhi. Wengi wanaishia kuwasha tu, kisha wanalalamika hazifanyi kazi!

Kwenye orodha ya barua, j inakushusha, k inakupandisha, Enter inafungua, r inajibu. Ctrl na Enter kwa pamoja, barua imekwenda. Ila a iogope, dada yangu, hiyo inajibu wote, na hesabu za mkulima mmoja hazimhusu kila mtu. Ukisahau, bonyeza alama ya kuuliza, orodha nzima inatokea.