Anzia Mkiani: Namna ya Kumtambua Alepisaurus

Mtu anapompata samaki mrefu, mwembamba, bapa kama utepe na mwenye rangi ya fedha, jambo la kwanza analolitaja ni urefu wake, na la pili ni meno. Katika kazi yangu ya kutazama picha za samaki wa namna hii na kuwatafutia majina, nimeona kwamba sifa hizo mbili ndizo zinazopotosha zaidi, kwa kuwa samaki wengi wa bahari kuu wasio na undugu wa karibu wana umbo hilohilo. Ushauri wangu kwa anayetaka kumtambua Alepisaurus, mmoja wa samaki hao wa bahari kuu, ni kuanzia mkiani, kisha kwenda mgongoni, na kuyaacha meno yawe ya mwisho.

Tuanze na wanaofanana naye. Trichiurus lepturus, ambaye huvuliwa kwa wingi, hana pezi la mkia kabisa. Mwili wake huzidi kupungua hadi ukaishia kwenye ncha. Lepidopus caudatus anafanana naye sana, ila ana mkia mdogo wenye panda. Gempylus serpens ana vipezi vidogo vilivyotengana, juu na chini, karibu na mkia. Alepisaurus ferox, ambaye ni nadra kuonekana ufukweni ingawa wavuvi wa mishipi mirefu ya jodari wanamfahamu vizuri, ana mkia wenye panda iliyo wazi, na mbele yake, juu ya mgongo, kipezi kimoja kidogo cha nyama laini. Hicho ndicho ninachokitafuta kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya hao wengine aliye nacho.

Baada ya hapo lishughulikie pezi kubwa la mgongo la Alepisaurus. Huanzia nyuma ya kichwa na kukaribia kile kipezi cha nyama, na likisimama huwa refu kuliko kimo cha mwili wenyewe. Tatizo ni kwamba samaki akifa, pezi hilo hulala ndani ya mfereji ulio mgongoni, na katika picha anaonekana kama hana kitu. Liinue taratibu kwa kidole kilicholowa maji, kwani utando wake huchanika upesi. Ukipapasa ubavu hutakuta magamba, na nyama yake ni teketeke, imejaa maji.

Sasa fungua kinywa, kwa kijiti na si kwa vidole. Meno marefu kuliko yote yako kwenye kaakaa, si kwenye ukingo wa taya. Pua ikiwa fupi, mfikirie nduguye, Alepisaurus brevirostris.

Wengi hupenda kuamini kwamba wamempata Regalecus glesne, yule mrefu kupita samaki wote wenye mifupa. Huyo ana pezi jekundu la mwili mzima na kishungi kichwani, tena hana meno ya kukamatia windo. Chakula chake kikubwa ni viumbe wadogo kama kamba.

Ukishampiga picha ubavuni, pezi likiwa limeinuliwa na rula ikiwa kando yake, usimpasue. Tumbo la Alepisaurus huhifadhi chakula kabla ya kukisaga, hivyo watafiti hukuta ndani yake ngisi na samaki wakiwa karibu wazima, na mara nyingine Alepisaurus mwenzake. Mweke kwenye barafu mzimamzima, kisha uwasiliane na jumba la makumbusho au taasisi ya utafiti wa bahari.