Majani Hayawi Sugu

SWALI: Natafsiri maelezo ya miti kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, kisha Kiswahili, kwa ajili ya watu wa vitalu vya miche. Nimekwama hapa: «Arbre à feuilles persistantes et à stipules caduques, fleurs à calice persistant.» Kwa Kiingereza nimeandika “Tree with persistent leaves and deciduous stipules, flowers with persistent calyx”, na kwa Kiswahili “Mti wenye majani sugu na stipula za kupukutika, maua yenye kikombe sugu.” Je, nimepatia? – Msomaji, Bukavu

JIBU: Kikombe cha ua umekipatia kwa Kiingereza. Vingine vyote vinahitaji marekebisho, na nitaanza na hilo “sugu”, maana nimelivumilia vya kutosha katika vijitabu vya kilimo na misitu.

Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa. Kutoka hapo tukapata maradhi sugu, deni sugu, mhalifu sugu: jambo baya lisilotaka kuondoka. Wakulima nao wana matumizi yao yaliyo imara kabisa: wadudu waliozoea dawa wana usugu, na mbegu inayostahimili ukame ni sugu kwa ukame. Sasa mpe mwenye kitalu karatasi inayosema “mti wenye majani sugu”. Ataelewa kwamba majani hayo hayaliwi na viwavi wala hayashikwi na ukungu, na hatahangaika kuyakagua. Jambo alilotaka mwandishi wa Kifaransa ajue, kwamba mti huu hauachi kutoa kivuli wakati wa kiangazi, halijamfikia. Anayetafuta mti wa kukinga upepo au wa kivuli cha kahawa anahitaji hilo kabla ya mengine yote, na ndilo tulilomnyima.

Kosa linaingia kwa hatua mbili. Kifaransa hutumia “persistant” kwa mambo mawili ambayo Kiingereza kimeyatenga. Kwa majani ya mti mzima, Kiingereza husema “evergreen”. Kwa kiungo ambacho kwa kawaida kingeanguka lakini kimebaki, husema “persistent”. Mtafsiri akiona maneno yanafanana sura, anaandika “persistent” kote. Hiyo ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kufungua kamusi ya Kiingereza, kuchukua neno la kwanza analolikuta, na kulibandika. Asili ya Kilatini ni kusimama imara tu, na hapo haisaidii chochote.

Kinachosaidia ni kutazama nomino. Shika bilinganya. Petali zimeshakwenda, stameni zimekwenda, tunda limevimba mara nyingi kuliko ua lilivyokuwa, na bado kule kwenye kikonyo kuna kofia ya kijani inayolibana. Kofia hiyo ndiyo “calice persistant”: kikombe cha ua kilichobaki ua lilipokwisha. Nyanya inacho, ile nyota ya kijani unayoing’oa kabla ya kukatakata. Pilipili hoho inacho pia. Hakuna usugu wowote hapo. Kimebaki, basi. Sema “kikombe cha ua hubaki kwenye tunda”, na hata mtoto wa shule atajua atafute nini.

Kwa majani, jihadhari pia na “majani ya kudumu”. Mazao ya kudumu tunayajua, kahawa na mikorosho, na hilo ni jambo jingine ambalo Kifaransa huliita “pérenne”. Tena jani la mwembe halidumu: linazeeka na kuanguka, ila hayaanguki yote kwa pamoja. Kwa hiyo ni “mti wenye majani mwaka mzima”.

“Caduc” ina mtego wa namna hiyo hiyo, na hapa kipimo ni wakati. Mbuyu unapukutisha majani yake yote kiangazi: Kiingereza “deciduous”. Stipula, yaani vijani vidogo vya pale kikonyo cha jani kinapoungana na kitawi, zikifunika chipukizi na kuanguka mara linapofunguka, ni “caducous”. Tazama mfenesi: zimeshaanguka, zimeacha kovu la mviringo kwenye kitawi, na mti wenyewe umejaa majani. Ukiandika “deciduous” msomaji atasubiri kiangazi kuona kitu kilichokwisha kutoweka. Kwa Kiswahili, kupukutika tuliachie majani ya msimu. Stipula “huanguka mapema”.

Ukibaki na shaka, chukua jina la Kilatini la mti huo ulitafute katika mifululizo miwili ya vitabu vya mimea. Flore du Congo belge et du Ruanda-Urundi, iliyoanza kutoka mwaka 1948, ni ya Kifaransa. Flora of Tropical East Africa, ya mwaka 1952 hadi 2012, ni ya Kiingereza. Miti mingi inaota pande zote mbili za Ziwa Tanganyika, kwa hiyo linganisha.

Hukuuliza kuhusu upatanisho wa kisarufi, lakini utakutana nao. «Grappes de fleurs dressées»: kilichosimama ni vichala au maua? Nomino zote mbili ni za kike na za wingi, kwa hiyo Kifaransa hakikwambii. Kiingereza kitakulazimisha kuchagua kwa mpangilio wa maneno. Kiswahili kinachagua waziwazi: vichala vya maua vilivyosimama, au vichala vya maua yaliyosimama. Lakini majani, maua, matunda, matawi na magome yote ni ngeli moja, na “majani ya matawi machanga” hayasemi kipi ni kichanga. Anza na mwenye mali: “Matawi machanga; majani yake…” Au sogeza sifa: “majani machanga ya matawini”.

Sentensi yako basi, Kiingereza: “Evergreen tree with caducous stipules, flowers with persistent calyx.” Kiswahili: “Mti wenye majani mwaka mzima, stipula huanguka mapema, kikombe cha ua hubaki kwenye tunda.”